Ngoma ya Mstari Katika Feti Zetu
Mazungumzo ya redio kwa raia wa Masisi na Walikale

 

Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya mambo ya sheria: mipaka ya mashamba, haki ya mjane, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Leo nitazungumza juu ya kucheza. Mwenzangu mmoja hapa studio alicheka aliposikia. Akaniuliza: «Yaya, ulikaa iniversite miaka yote ile kusoma sheria, ili uje kutufundisha namna ya kurusha miguu?» Nilimwonyesha barua iliyotufikia. Alipomaliza kuisoma hakucheka tena.

Barua hiyo iliandikwa na papa mmoja wa Masisi, upande wa Nyabiondo. Jina lake nalihifadhi. Mtoto wake wa kiume anaoa binti ambaye wazazi wake ni wa kabila lingine. Mahari imetolewa, mbuzi zimehesabiwa mbele ya wazee, na kanisa limekubali. Papa huyo anasema haogopi ndoa. Anaogopa saa ya kucheza. Anaandika hivi: «Ngoma yetu ikipigwa, wao watakaa. Ngoma yao ikipigwa, vijana wetu watatoka nje. Na huko nje ndiko maneno yanakoanzia.»

Ndugu msomaji, kama umehudhuria feti zetu utajua kwamba papa huyu ameona vizuri. Watu wa makabila mawili wakila pamoja, matata ni machache. Mdomo una kazi. Mtu akishika bugali na sombe hana nafasi ya kukumbuka deni la babu yake. Lakini sahani zikiondolewa, kasiksi ikizunguka, bafle ikianza kulia, kila mtu anatazama: wimbo huu ni wa nani? Nani anasimama? Nani amebaki kitini? Katika dakika tano ukumbi wote umegawanyika, na hakuna mtu aliyetoa amri.

Hofu hii ina mizizi. Tarehe 20 mwezi wa tatu mwaka 1993 watu walikuwa wamekusanyika sokoni Ntoto, katika Walikale. Soko ni mahali pa kuuza ndizi na kuulizana habari za watoto. Siku ile watu waliuawa pale, na moto ulipanda mpaka Masisi yote. Maelfu walikufa, na watu zaidi ya 200.000 waliacha nyumba zao. Sitasema leo kabila gani lilianza na kabila gani lilifuata. Kila kilima kina hesabu yake, na hesabu hizo hazipatani. Mimi mwenyewe sikumbuki chochote cha mwaka ule, nilikuwa mgongoni mwa mama. Lakini nimekua nikiona wazazi wanavyotazama mlango wakiwa katika mkusanyiko. Wanahesabu nani ameingia na nani ametoka. Tangu hapo vita vimerudi mara nyingi, hata mwaka 2025 vilipofika mpaka Walikale-centre. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi amejifunza kuhesabu vilevile, hata kama hajui Ntoto ni wapi.

Sasa niwaambie kosa langu, ili msilirudie. Miaka michache iliyopita tulikusanya vijana wa vijiji viwili kwa mafundisho ya siku tatu juu ya haki za raia. Jioni ya mwisho niliona ni vema kila upande ulete ngoma ya mababu, waonyeshane utamaduni wao. Nilifikiri ni jambo zuri. Katika vitabu linaonekana zuri. Upande wa kwanza ulicheza, na wazee wao walifurahi sana. Upande wa pili ukajibu kwa nguvu zaidi. Wa kwanza wakarudi, sasa wakiwa na fimbo zile za kuchezea, na mmoja akatia katika wimbo maneno ambayo mimi sikuyaelewa, lakini wengine waliyaelewa. Jiwe la kwanza liligonga meza niliyokuwa nimeweka karatasi zangu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu na mama mmoja aliyesimama katikati na sufuria yake. Lakini siku tatu za mafundisho zilikwisha pale. Niliwapa mashindano nikayaita upatanisho.

Ndipo nilipoanza kutafuta ngoma isiyo na mwenyewe.

Wengi wenu mnaijua tayari, hata kama hamjui jina la namna yake. Mwisho wa mwaka 2019 mwanamuziki wa Afrika Kusini anayeitwa Master KG, pamoja na mwimbaji Nomcebo Zikode, alitoa wimbo «Jerusalema». Maneno yake ni ya Kizulu, na ndani yake mna sala. Mwezi wa pili mwaka 2020 kundi moja la wachezaji wa Luanda, Angola, Fenómenos do Semba, lilionyesha video ambayo watu wanacheza wimbo huo kwa mistari wakiwa na sahani za chakula mkononi, wakila na kucheza. Baadaye ugonjwa wa korona ulifunga watu majumbani, na ngoma ikazunguka dunia nzima: waganga katika hospitali, mapadri na watawa, hata polisi wa Uswisi na wa Ireland. Mwezi wa tisa mwaka ule Rais Cyril Ramaphosa aliwaomba raia wa Afrika Kusini waicheze siku ya tarehe 24, ambayo ni sikukuu ya urithi wao. Kwetu imeingia kwa telefone na kwa kortege za harusi, na haijatoka.

Si ngoma ya kwanza ya namna hii. Huko Marekani watu wamekuwa wakicheza kwa mistari katika harusi tangu miaka mingi. Na sisi Wakongomani hatuna haya ya kucheza: rumba yetu iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021. Lakini rumba inahitaji wawili, na hapo mwenye wivu anapata kazi. Ndombolo inahitaji kiuno, na mbele ya mama-mkwe kiuno kinakuwa kizito. Ngoma ya mstari haiombi mwenzi wala haimshiki mtu. Kila mmoja anacheza peke yake, na wote wanacheza pamoja.

Jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba hakuna kilima katika Masisi wala msitu katika Walikale unaoweza kusema «hii ni yetu, ninyi mmeiba». Mhunde anajifunza, Mhutu anajifunza, Mtutsi anajifunza, Mtembo, Mnyanga, Mkano na Mkumu wanajifunza, na wote wanakosea mguu uleule mahali palepale. Mimi nimeona vijana wasiosalimiana wakichekana kwa sababu ya mguu wa kushoto. Walichekana kwa miguu, wala hakuna aliyemcheka mwenziwe kwa ajili ya pua au lugha yake.

Basi tusimame. Wewe unayesoma, weka karatasi hii juu ya kiti, soma mstari mmoja, jaribu, kisha urudi kusoma. Hii si namna ile moja tu ya kucheza. Kila mji umeongeza na kupunguza. Nawaeleza ile ninayofundisha, kwa sababu hata bibi wa miaka 70 ameiweza. Ina hesabu 32, yaani mara nne ya 8.

Nane ya kwanza. Simama miguu pamoja. Gusa chini mbele yako kwa ncha ya mguu wa kuume, kisha uurudishe. Gusa, rudisha. Gusa, rudisha. Gusa, rudisha. Mara nne. Uzito wa mwili wako ukae juu ya mguu wa kushoto muda wote. Anayeweka uzito juu ya mguu unaogusa ndiye atakayeanguka juu ya jirani.

Nane ya pili. Fanya vilevile kwa mguu wa kushoto, mara nne. Safari ya mwisho mguu wa kushoto ukirudi, usimame juu yake.

Nane ya tatu. Tembea nyuma hatua nne: kuume, kushoto, kuume, kushoto. Halafu rudi mbele hatua nne, ukianza tena na kuume. Hatua ziwe fupi. Masisi ni nchi ya vilima, na nyua nyingi zimeinama. Ukirudi nyuma kwa hatua ndefu utafika kwenye majiko ya wamama. Upande wa Walikale matata ni matope. Huko vaa bote usione haya.

Nane ya nne. Hatua moja kando, upande wa kuume, na mguu wa kushoto uufuate uguse tu. Hatua moja kando, upande wa kushoto, na wa kuume uufuate uguse tu. Hizo ni nne. Zilizobaki nne ni hatua ndogo palepale, kuume, kushoto, kuume, kushoto, huku ukigeuka polepole robo moja kuelekea kushoto kwako. Ulikuwa ukitazama mlango, sasa unatazama ukuta wa kushoto. Halafu unaanza tena na mguu wa kuume.

Ni hayo tu. Ukirudia mara nne umetazama pande zote nne, nawe umerudi mlangoni.

Usianze na muziki. Hili ni kosa la waalimu wengi. Muziki ukianza watu wanaona haya na wanakimbilia kutikisa mwili ili wafiche miguu isiyojua. Anza na mdomo: moja, mbili, tatu, nne. Kisha makofi. Jioni ya kwanza fundisha nane mbili, mwishowe rudia mara tatu, uwaache waende nyumbani. Jioni ya pili maliza. Ya tatu lete telefone au bafle. Na kama hakuna umeme wala jenereta, hesabu ya mdomo inatosha mpaka siku ya harusi yenyewe.

Neno moja juu ya filimbi. Msitumie filimbi kupanga watu, wala msipige masufuria kwa furaha wakati wa usiku. Vijijini kwetu filimbi na sufuria ni alama ya kuitana wakati wa hatari. Jirani hajui kwamba ninyi mnajifunza kucheza. Atawachukua watoto na kukimbilia msituni, na kesho utapata taabu ya kumweleza. Mwambieni shefu wa kijiji mapema, na waambieni majirani wa pande zote: siku fulani, saa fulani, tutakuwa tukijifunza ngoma ya harusi.

Sasa tunafika mahali ambapo ngoma hii inanifundisha mimi mwenyewe. Ni ile robo ya kugeuka.

Fikiri una watu 16, mistari minne ya watu wanne. Mtu asiyejua siku zote anajificha nyuma, ili aangalie miguu ya walio mbele. Ni akili nzuri kwa raundi ya kwanza. Lakini wote wanageuka kushoto, na tazama, waliokuwa mbele sasa wako kando, mkono wa kuume. Wanageuka tena, na yule aliyejificha nyuma kabisa sasa ni wa mbele. Hana tena mgongo wa kuangalia. Wote wanamwangalia yeye.

Hapo ndipo mstari unapovunjika, kila mara, katika kila kijiji nilichofundisha. Kwa hiyo wanaojua usiwaweke wote mbele. Waweke kwenye pembe nne. Mraba wa watu 16 una pembe nne, na popote mtakapogeukia, mstari wa mbele utakuwa na watu wawili wanaojua. Watu wanne wanatosha kuwabeba kumi na wawili. Ukiwa na wanne hao, nakuomba kitu kimoja: wawili watoke upande wa bwana arusi na wawili upande wa bibi arusi. Wafundishe kwanza hao wanne peke yao, siku moja kabla ya wengine. Usipofanya hivyo, upande mmoja utakuwa mwalimu na upande mwingine mwanafunzi, na sisi tunajua wanafunzi wa namna hiyo wanavyojisikia.

Mwezi wa kwanza mwaka 2008 wakubwa wetu walikusanyika Goma kwa mkutano mkubwa wa amani, na tarehe 23 walitia sahihi karatasi ya ahadi. Siwadharau. Lakini mimi niliyesoma sheria nasema kwamba katika mikutano ile kila kundi lilitaka kujua kiti chake kiko mbele au nyuma. Katika ngoma hii swali hilo linachelewa kidogo tu na jibu lake limebadilika.

Halafu kuna mavazi. Mnajua desturi yetu: familia ya bwana arusi inavaa kitenge cha rangi moja, na ya bibi arusi cha rangi nyingine. Inapendeza kwa picha. Lakini ukiwaacha watu wajipange wenyewe, utaona rangi moja mbele na rangi moja nyuma, na mpaka katikati kama wa shamba. Wapange kama dame: mmoja wa rangi hii, mmoja wa rangi ile, na mstari unaofuata vilevile kwa kupishana. Usiwaombe watu wachague jirani, maana utawapa nafasi ya kukataa. Wewe unayepanga uwashike mikono watoto na wamama kwanza, uwaweke, halafu wanaume wajaze nafasi zilizobaki. Mwanaume akikuta nafasi moja tu imebaki, kati ya mama mzee na mtoto, hana hoja.

Acha nafasi ya mkono mmoja kati ya mtu na mtu. Hakuna kushikana. Nalisema hili kwa ajili ya mabinti. Katika feti nyingi binti anavutwa mkono na mtu aliyelewa, na akikataa anaambiwa anadharau kabila la yule mtu. Kukataa kwake hakuna kabila. Na saa ya mwisho iwe mapema, watu wafike nyumbani jua likiwapo. Feti ya mchana haina aibu.

Juu ya silaha nitasema kwa kifupi, kwa maana mnajua tunaishi wapi. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 25, inahakikisha uhuru wa kukusanyika kwa amani na bila silaha, kwa kuheshimu sheria na utulivu wa watu. Maneno hayo mawili, «bila silaha», mwenye feti anaweza kuyasema kwa upole mlangoni. Najua hayawezi kila siku kumzuia mtu. Akija mwenye bunduki na kutaka kuingia mstarini, usibishane naye mbele ya watu. Mwisho wa wimbo ni mwisho wa ngoma. Waambie watu chakula cha pili kimekuwa tayari, wakae. Nimeona mama mmoja akifanya hivyo na hakuna chakula cha pili kilichokuwapo. Alileta chai.

Wengine wataniuliza: na ngoma za mababu je? Mzee mmoja aliniambia kwamba mimi nazika utamaduni kwa muziki wa telefone. Nilimsikiliza, maana ana haki. Sisi si watu wasio na ngoma. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Candi Rureke alisimulia habari za Mwindo siku nyingi, akiimba, akicheza na kutikisa kibuyu chake, na maneno yake yakaandikwa. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliyachapisha kuwa kitabu mwaka 1969, na leo wanafunzi wa mbali wanayasoma. Ngoma kama hiyo haiwezi kuzikwa na «Jerusalema». Wala intore haitazikwa, wala ngoma za Wahunde.

Ninachosema ni juu ya utaratibu wa siku. Ngoma ya mstari ije kwanza, mara tu baada ya chakula. Watu wakishacheka pamoja na kutoka jasho pamoja, hapo ngoma za mababu zije, moja kwa moja, na kila moja iombwe na upande mwingine. Yaani wakwe waseme: tunaomba kuona ngoma yenu. Ngoma iliyoombwa haitii watu hofu. Ile niliyoipanga mimi, mwaka ule wa jiwe, hakuna aliyeiomba.

Na wako wasiocheza. Hawa nawaombea heshima. Katika kila feti ya kwetu kuna mtu ambaye mtoto wake hajarudi, au mjane ambaye mwaka haujatimia. Usimvute. Usimwambie «sahau, ni furaha leo». Kiti chake kiwe karibu na mstari, kisiwe pembeni kabisa, na apewe kazi ndogo kama anataka: kushika telefone, kulinda viatu, kupiga makofi. Anayekaa karibu anashiriki kwa kipimo chake.

Sasa yule papa wa barua. Tulimjibu kwa maneno haya haya mnayosoma, na yeye akatuomba twende. Nilikwenda siku mbili kabla. Vijana tuliowafundisha walikuwa 16, pembe nne zilikuwa sawa, na shefu alijulishwa. Siku ya posho, baada ya chakula, tulianza. Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Raundi ya tatu mstari ulivunjika, kama kawaida, na kaka mdogo wa bwana arusi aligongana na shangazi wa bibi arusi, mama mnene mwenye kicheko kikubwa. Kicheko hicho kilitusaidia kuliko hotuba yangu. Wakaanza upya.

Lakini kulikuwa na mjomba wa bibi arusi aliyekataa. Alikaa kitini kwenye ukuta wa nyuma, kofia juu ya goti, na mkono mmoja juu ya fimbo. Niliambiwa habari zake baadaye: ndugu zake wawili waliuawa, na anaamini anajua nani aliwaua, na watu wa nyumba ya waliowaua walikuwa pale wanakula. Hakuna hatua 32 zinazoweza kujibu neno kama hilo. Hilo ni neno la tribinali, na la ukweli kusemwa, na mimi nitaendelea kulidai hapa redioni juma kwa juma.

Mstari ulipogeuka mara ya pili, ulimkabili yeye. Watu 16 wakamtazama uso kwa uso, na wa mbele kabisa, pembe ya kuume, alikuwa bwana arusi mwenyewe, aliyekuwa amebadilishana nafasi na mdogo wake bila kuniuliza. Kijana alikosea hesabu kwa hofu. Yule mzee hakusimama. Hakutabasamu pia. Akainua fimbo yake kidogo, akagonga chini: moja, mbili, tatu, nne. Kijana akaishika hesabu, na mstari ukaendelea kugeuka.

Baada ya hapo mzee aliomba kofia yake, kumbe ilikuwa imeanguka, na mmoja wa wajukuu wa upande ule mwingine akamwokotea. Aliondoka kabla ya ngoma za mababu. Sijui alisema nini njiani.

Wapenzi wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Wanaotaka nane nne zimeandikwa kwa herufi kubwa ili kubandikwa ukutani, waje hapa redioni na karatasi yao tupu, tutawanakilia bila franga yoyote. Juma lijalo, siku na saa ileile, tutazungumza juu ya kuandikisha ndoa kwa serikali, kwa sababu yule bwana arusi na bibi arusi bado hawajafanya hivyo, nami nimewaahidi kuwaeleza.